Kutoka E1 hadi Gigabaiti: Mwongozo wa Kubadili Kasi za Laini za Simu kuwa Vipimo vya Hifadhi ya Kompyuta

Tuseme tawi la kampuni lina laini ya E1 (laini ya kidijitali ya dunia ya simu, biti 2,048,000 kwa sekunde) kwenda makao makuu. Kila usiku nakala rudufu ya hifadhidata, faili la GB 4, inaanza kutumwa saa 6 usiku na inatakiwa iwe imeshafika saa 11 alfajiri, kabla ripoti za asubuhi hazijaanza kutayarishwa. Itawahi? Waulize mafundi watatu na unaweza kupata majibu matatu: dakika 33; saa 4 na dakika 20; saa 5 na ushee. Anayesema dakika 33 amechanganya biti na baiti (baiti moja ni biti nane). Anayesema saa 4 na dakika 20 amegawanya vizuri, ila ametumia namba za kwenye karatasi ya mkataba. Saa 5 na ushee ndiyo itakayoonekana kwenye kumbukumbu za seva, na faili litachelewa.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye jibu hilo la tatu. Laini za aina hii hazijatoweka. Bado zinaingia kwenye swichi za simu za ofisi, kwenye vituo vya kupokea simu za wateja, kwenye viungo vya maikrowevu kati ya minara. Fundi aliyeanza kazi kwenye zama za faiba anakutana nazo akiwa amezoea Mbps na GB tu, na hapo ndipo hesabu zinapomponyoka.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiruke moja kwa moja kutoka kipimo cha simu kwenda kipimo cha kompyuta. Shuka kwanza hadi biti kwa sekunde, namba nzima na sifuri zake zote, ndipo uvuke kwenda kipimo cha kompyuta. Vikokotoo vya mtandaoni vinaruka hapo katikati, na katikati ndiko kwenye maswali matatu yanayobadili jibu: biti zote za laini ni zako? Kwenye laini hii baiti moja inasafiri kama biti ngapi? K ni 1000 au 1024?

Hatua ya 1: Andika kasi ya laini kwa biti kamili

Karibu kila kasi ya dunia ya simu imezaliwa na namba moja, 64,000. Sauti ya simu huchukuliwa kati ya hezi 300 na 3,400. Ili kuigeuza kuwa namba, mitambo huipima mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: 8,000 × 8 = biti 64,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo chaneli moja ya simu, ambayo mafundi huiita DS0, na ndiyo iliyowekwa kwenye kiwango cha G.711 cha mwaka 1972.

Kuanzia hapo dunia iligawanyika. Marekani, kampuni za Bell zilianza kutumia T1 mwaka 1962: chaneli 24, yaani biti 192, pamoja na biti moja ya ziada ya kutambulisha mwanzo wa fremu (mzunguko mmoja wa chaneli zote, biti 8 kwa kila chaneli). Jumla biti 193, mara 8,000 kwa sekunde, ni 1,544,000. Ulaya walichagua chaneli 32 kamili, 32 × 64,000 = 2,048,000, nayo ikaitwa E1. Afrika Mashariki tunatumia mfumo wa Ulaya, kwa hiyo ukisikia fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anasema "laini ya mega mbili", ana maana ya E1.

Hizi ndizo namba za kubandika ukutani, zote kwa biti kwa sekunde:

DS0: 64,000
ISDN ya msingi (laini ya simu ya kidijitali), chaneli mbili: 128,000
T1: 1,544,000
E1: 2,048,000
E3: 34,368,000
T3: 44,736,000
STM-1 (ngazi ya kwanza ya laini kubwa za faiba), ambayo Marekani huitwa OC-3: 155,520,000
STM-4: 622,080,000
STM-16: 2,488,320,000

Angalia E3. Inabeba E1 16, lakini 16 × 2,048,000 ni 32,768,000 tu. Zile biti 1,600,000 zilizobaki ni za fremu na za kujazia, kwa sababu kila E1 inakuja na saa yake na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. T3 nayo ni hivyohivyo: T1 28 ni 43,232,000, si 44,736,000. Ukifika kwenye STM mambo yananyooka, maana mfumo mzima unafuata saa moja: STM-4 ni STM-1 mara nne kamili, STM-16 ni mara kumi na sita. Kwa hiyo E3 na T3 usizikokotoe kichwani kwa kuzidisha. Chukua namba yake kwenye orodha.

Mtego mkubwa wa hatua hii umo ndani ya E1 yenyewe. Mtu wa kompyuta akiona 2,048 anashtuka kwa furaha, anadhani ni 2 × 1024, basi anaandika kwamba E1 ni megabiti mbili za 1024 × 1024, yaani 2,097,152. Sivyo. Ile 2,048 imetokana na 32 × 64, na elfu inayofuata ni elfu ya kawaida. Kwenye laini za mawasiliano K ni 1,000, M ni 1,000,000, na haibadiliki kamwe.

Hatua ya 2: Ondoa biti zisizo zako

Mtoa huduma anakuuzia kasi ya waya. Faili lako halipati waya wote.

Kwenye E1 yenye fremu, chaneli namba 0 ni ya mitambo yenyewe kutambuana na kulingana. Zinabaki chaneli 31, yaani 1,984,000. Ikiwa E1 hiyo inabeba simu, chaneli namba 16 nayo huchukuliwa na ishara za simu: nani anampigia nani, nani amekata. Unabaki na 30, yaani 1,920,000. Ipo pia E1 isiyo na fremu, ambapo unapewa 2,048,000 zote. Kama una laini ya data tupu, uliza ni ya aina gani, kwa sababu hiyo tofauti ya asilimia 3 utaiona inaamua jambo hapo mbele.

T1 inatoa biti 8,000 kwa sekunde kwa ajili ya fremu, inabaki 1,536,000. Na kwenye T1 za zamani za simu kulikuwa na desturi ya kuiba biti ya mwisho ya kila chaneli kwenye kila fremu ya sita ili kubeba ishara. Sikio halisikii wizi huo, lakini data inaharibika, kwa hiyo waliotuma data waliiacha biti ya nane kabisa: 8,000 × 7 = 56,000. Ukikuta karatasi ya zamani ya Marekani imeandika laini ya 56k, ndiyo hiyo.

STM-1 ni fremu ya mistari 9 na nguzo 270 za baiti, inayopita mara 8,000 kwa sekunde. Nguzo 9 ni za usimamizi wa njia, nyingine moja ni ya kufuatilia mzigo, zinabaki 260. Hesabu: 260 × 9 × 8 × 8,000 = 149,760,000. Mzigo huo ukipita ndani ya ATM (si mashine ya pesa, ni mfumo wa kusafirisha data kwa vipande vidogo viitwavyo selo), kila selo ya baiti 53 inabeba baiti 48 tu, unashuka tena hadi kama 135,630,000. Hii si habari ya vitabuni tu. Pwani ya Afrika Mashariki ilipopata nyaya za kwanza za faiba za chini ya bahari mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, STM-1 ilikuwa kipimo cha kawaida cha kununulia uwezo, na anayerithi mkataba wa aina hiyo anahitaji kujua kwamba 155 ya kwenye karatasi ni 149.76 kabla hata ya pakiti ya kwanza.

Neno kuhusu ruta. Kwenye ruta za Cisco, milango ya serial huonyesha BW (upana wa laini) ya 1544 Kbit kama thamani ya kuanzia, hata waya uliochomekwa ni wa 64k au wa E1, mpaka mtu aibadilishe. Namba hiyo inatumiwa na itifaki za kuchagua njia, haipimi waya. Usiichukue kwenye hesabu yako bila kuangalia chaneli ngapi zimesanidiwa.

Hatua ya 3: Geuza biti kuwa baiti

Kwa laini zote nilizotaja hadi sasa, gawa kwa 8. E1 nzima: 2,048,000 ÷ 8 = baiti 256,000 kwa sekunde. DS0: baiti 8,000. T1: baiti 193,000. STM-1: baiti 19,440,000. Kwenye hati za mawasiliano utakuta baiti inaitwa okteti. Ni biti nane zilezile.

Andika kwa uangalifu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Dakika 33 za yule fundi wa kwanza zilitoka hapa. Alisoma 2 Mb akaelewa 2 MB, akagawa 4,000 kwa 2, akapata sekunde 2,000.

Kuna waya ambako kugawa kwa 8 ni kosa. Mlango wa serial wa kawaida, ule wa kuunganishia kisomaji cha mita, mizani ya kielektroniki au konsoli ya ruta, hutanguliza biti ya kuanza na kumalizia kwa biti ya kusimama. Kila baiti inasafiri kama biti 10. Kwa hiyo 9,600 ni baiti 960 kwa sekunde, si 1,200. SATA, waya wa kuunganishia diski, nayo hutumia biti 10 kwa kila baiti, kwa sababu nyingine, ndiyo maana SATA ya gigabiti 6 inatoa MB 600 kwa sekunde na si 750.

Ukirudi nyuma zaidi utakutana na bodi, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Émile Baudot. Bodi inahesabu mabadiliko ya ishara kwenye waya kwa sekunde, na badiliko moja linaweza kubeba zaidi ya biti moja. Modemu ya V.22bis ilikuwa na bodi 600 lakini ilipitisha biti 2,400, nne kwa kila badiliko. Teleksi ilikuwa bodi 50, badiliko moja biti moja, na herufi moja ilichukua nafasi 7.5: moja ya kuanza, tano za herufi, moja na nusu ya kusimama. Hapo unapata herufi 400 kwa dakika. Ukiona bodi mahali popote, tafuta kwanza ni biti ngapi kwa badiliko.

Hatua ya 4: Amua K ni 1000 au 1024

Kwa muda mrefu watu wa kompyuta waliita baiti 1,024 kilobaiti, kwa sababu kumbukumbu za mashine zimepangwa kwa vipeo vya mbili, na tofauti ya 24 ilionekana ndogo. Ni kama gunia la kawaida na gunia la lumbesa: yote mawili sokoni yanaitwa gunia moja, na anayeumia ni yule asiyeuliza limefungwaje. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya IEC ilitoa majina ya kutenganisha: KiB kwa 1,024, MiB kwa 1,048,576, GiB kwa 1,073,741,824. Nakushauri uyatumie kwenye hati zako hata kama wenzako hawayajazoea. Herufi hiyo ndogo i inaokoa ugomvi mwingi.

Pengo linakua kadiri unavyopanda. Kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye mega karibu 4.9, kwenye giga 7.4, kwenye tera karibu 10. Watengenezaji wa diski hutumia 1,000. Windows hutumia 1,024 lakini huandika GB, ndiyo maana diski ya TB 1 inaonekana kama GB 931 na mnunuzi anadhani ameibiwa. Mac hutumia 1,000 tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009. Kwenye Linux, amri ya df -h inatumia 1,024 na df -H inatumia 1,000. Herufi kubwa, namba inayoonekana kwenye skrini ni kubwa zaidi. Ile flopi ya "MB 1.44" ilichanganya yote mawili: ni baiti 1,474,560, yaani 1.44 × 1,000 × 1,024, kipimo kisichofanana na kingine chochote.

E1 hapa inakupa zawadi: baiti 256,000 kwa sekunde ni kB 256, au KiB 250 kamili. CD ya dakika 80 ina baiti 737,280,000, na ukigawa kwa 256,000 unapata sekunde 2,880, yaani dakika 48 bila masalio. Tumia mfano huo unapomfundisha mtu, kwa sababu namba haziachi vipande na mwanafunzi anaona kila hatua.

Hatua ya 5: Kokotoa muda wa lile faili la tawi

Sasa tuweke yote pamoja. Windows inasema faili ni GB 4. Kwa kuwa ni Windows, ni GiB 4: baiti 4,294,967,296. Mara 8, biti 34,359,738,368.

Fundi wa pili alichukua 4,000,000,000 × 8 akagawa kwa 2,048,000, akapata sekunde 15,625, saa 4 na dakika 20. Ukisahihisha ukubwa wa faili tu, inakuwa sekunde 16,777, saa 4 na karibu dakika 40. Zimeshaongezeka dakika 19 kabla hatujagusa laini.

Laini ina fremu, chaneli 31. Gawa kwa 1,984,000: sekunde 17,318, saa 4 na kama dakika 49.

Faili halisafiri likiwa uchi. Linakatwa vipande vya baiti 1,460, kila kipande kinavishwa vichwa vya itifaki za mtandao, baiti 20 za TCP na 20 za IP, na kwenye laini ya PPP (itifaki ya kuunganisha ncha mbili za laini) kama baiti 8 za fremu. Baiti 1,508 zinapita ili 1,460 zifike. Zidisha muda kwa 1,508 ÷ 1,460: sekunde 17,888, saa 4 na dakika 58.

Unaona bado tunawahi, kwa dakika mbili. Lakini kuna kitu cha mwisho ambacho wengi hawakihesabu. Fremu za aina ya HDLC, ambazo PPP huzitumia kwenye laini hizi, zina alama maalumu ya mwanzo na mwisho yenye biti sita za 1 mfululizo. Ili data isije ikafanana na alama hiyo, mitambo huchomeka sifuri kila baada ya biti tano za 1 zinazofuatana. Kwa data iliyochanganyika, kama faili lililobanwa, hiyo ni wastani wa biti moja ya ziada kwa kila 62, asilimia 1.6. Ongeza: sekunde 18,176. Saa 5 na dakika 3.

Faili limechelewa kwa dakika tatu, na hapo tumedhani hakuna mtu mwingine anayetumia laini usiku wala pakiti hata moja iliyopotea. Ukiwa na E1 isiyo na fremu ungepata chaneli ya thelathini na mbili, na muda ungeshuka hadi saa 4 na dakika 53. Mimi nisingeijenga kazi ya kila usiku juu ya nafasi ya dakika saba. Anza kutuma saa 5 usiku, au tuma mabadiliko ya siku tu badala ya hifadhidata nzima.

Kwa makadirio ya haraka mezani, gawa biti kwa 10 badala ya 8 kwenye laini yoyote. Baiti 204,800 kwa sekunde kwa E1, faili hilo linakupa saa 5 na dakika 50. Ni zaidi ya ukweli, na kwa kupanga ratiba ni afadhali kukosea upande huo. Kariri pia hizi: megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa, GB 10.8 kwa siku, GB 324 kwa siku 30. E1 nzima kwa siku 30 ni GB 663.6, ambazo Windows ingeziita 618.

Hatua ya 6: Soma vipimo vya laini bila kudanganyika

Umemaliza hesabu, unataka kuhakikisha. Ukiendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, utapata mstari wenye vitu viwili pamoja, kwa mfano 112 MBytes na 941 Mbits/sec kwa sekunde moja. Mtu anazidisha 112 × 8, anapata 896, anaanza kutafuta megabiti 45 zilizopotea. Hazijapotea. Programu hiyo inahesabu baiti kwa 1,024 na biti kwa 1,000 ndani ya mstari uleule. Fanya 112 × 1,048,576 × 8 na utapata takriban 940,000,000.

Upande wa ufuatiliaji, ruta hutoa hesabu za okteti zilizopita kupitia SNMP, itifaki ya kusomea hali ya vifaa vya mtandao. Chukua tofauti ya visomo viwili, zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde zilizopita kati yake. Kihesabio cha zamani, ifInOctets, kina biti 32: kikifika 4,294,967,296 kinarudi sifuri. Kwenye E1 iliyojaa kinazunguka kila baada ya saa 4 na dakika 40 hivi, hakuna shida. Kwenye STM-1 iliyojaa kinazunguka kila sekunde 221. Kama mfumo wako unasoma kila baada ya dakika 5, yaani sekunde 300, kinazunguka mara moja katikati bila wewe kujua, na grafu inaonyesha laini tulivu wakati imejaa pomoni. Tumia ifHCInOctets, cha biti 64, kwa kila laini inayozidi megabiti mia. Nimeona watu wanabishana na mtoa huduma kuhusu msongamano huku grafu yao wenyewe ikiwasaliti, na chanzo kilikuwa kihesabio hiki.

Hatua ya 7: Geuza hesabu, kutoka chaneli za simu hadi ukubwa wa diski

Swali linalokuja mara nyingi zaidi siku hizi ni la upande huu. Kituo cha kupokea simu kina E1 moja, na simu zote lazima zirekodiwe na kutunzwa mwaka mzima. Diski ya ukubwa gani?

Chaneli moja ni baiti 8,000 kwa sekunde: baiti 480,000 kwa dakika, MB 28.8 kwa saa. E1 ina chaneli 30 za sauti, lakini hazijai muda wote. Tuseme kituo kinafanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kwa wastani chaneli 18 zina simu. Kwa sekunde ni 18 × 8,000 = baiti 144,000. Kwa siku, mara sekunde 36,000, GB 5.184. Kwa siku 312 za mwaka, GB 1,617, yaani TB 1.62. Diski ya TB 2 itaonekana kwenye Windows kama 1.82, na rekodi zako zitaonekana kama 1.47. Linganisha dukani na dukani, au Windows na Windows, ukichukua 1.62 ya hesabu ukaiweka kando ya 1.82 ya kwenye skrini, umelinganisha visivyolingana.

Sasa uliza rekodi zinahifadhiwa kwa muundo gani, kwa sababu ndio unaoamua. Zile baiti 8,000 ni sauti kama ilivyopita kwenye E1, kwa A-law ya biti 8, namna ya G.711 ya kuandika sauti. Programu nyingi huifungua na kuiandika kama WAV ya biti 16: baiti 16,000, mwaka mzima TB 3.23. Wakitenganisha mhudumu na mteja kwenye njia mbili, zidisha tena kwa mbili. Upande wa pili, G.729, mtindo wa kubana sauti, ni biti 8,000 kwa sekunde, baiti 1,000 tu, moja ya nane.

GSM, mtindo wa kubana sauti wa simu za mkononi, ina jambo la kuangalia kwa karibu. Kiwango chake ni biti 13,000 kwa sekunde, na ukigawa kwa 8 unapata baiti 1,625. Lakini faili la .gsm hukua kwa baiti 1,650. Sababu ni kwamba sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kimoja biti 260, ambazo ni baiti 32 na nusu. Faili haliwezi kuandika nusu baiti, basi kila kipande kinapewa 33. Vipande 50 kwa sekunde mara 33 ni 1,650. Kwa kituo chetu hiyo ni GB 333.6 kwa mwaka badala ya 328.5.

Kabla ya kuagiza diski, rekodi simu moja ya majaribio ya dakika tano, tazama ukubwa wa faili kwa baiti kamili, si kwa MB, kisha gawa kwa 300. Ukipata karibu 8,000 ni A-law. 16,000 ni WAV ya biti 16 ya njia moja. 32,000 ni ya njia mbili. 1,650 ni GSM. Iweke namba hiyo mahali pa 8,000 kwenye hesabu ya hapo juu, na ukubwa utakaoupata ndio wa kupeleka kwa mnunuzi, ukiwa umeandikwa kwa TB za 1,000 kama diski zinavyouzwa.